Kuagiza na Kufunga Koilova za Subaru Impreza WRX na STI kutoka Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wamiliki wa Subaru Impreza WRX na WRX STI walioko Kenya na Tanzania, ambao wanafikiria kuondoa sasipensheni ya kiwandani na kuagiza koilova, yaani shokapu na springi zilizounganishwa ambazo kimo chake hurekebishika, kutoka ng'ambo. Wenye Forester SG watakuta mengi yanawahusu pia. Tumeanza na maswali ambayo ni lazima yajibiwe kabla fedha haijatumwa, kwa sababu hasara nyingi katika jambo hili hutokea siku ya kuagiza, hata kama dosari yenyewe huonekana siku ya kufunga.

Kuna haja gani ya kuagiza Japani, ilhali maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, na Gerezani, Dar es Salaam, yamejaa shokapu?

Ikiwa shokapu zako zimechoka na unachotaka ni gari lirudi lilivyokuwa, usiagize. Nunua shokapu mpya za kawaida dukani, zenye risiti na dhamana, pamoja na raba za juu na stabilaiza linki (vifimbo vinavyoishika fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona), kisha uendelee na safari zako. Shokapu mpya ya kawaida humpa dereva wa Impreza iliyochakaa nafuu kubwa kuliko anavyotarajia, na wapo waliodhani wanahitaji koilova ambao baada ya hapo hawakuzizungumzia tena.

Kuagiza kuna maana pale unapohitaji kitu kisichopatikana hapa kwa urahisi: seti inayorekebishika kimo na ukinzani (nguvu ya shokapu ya kutuliza mtikisiko), yenye springi za ugumu unaoujua, na ambayo shokapu zake zinaweza kufunguliwa na kukarabatiwa. Japani ni chaguo la kwanza kwa sababu ndiko magari yetu mengi yalikotoka. Katalogi za Kijapani zimepangwa kwa kodi ya chesisi iliyo kwenye gari lako, wakati katalogi za Marekani hupanga kwa jina na mwaka wa modeli ya huko. Marekani haikuuziwa STI hadi modeli ya 2004, kwa hiyo mwenye GDB ya 2001 akitafuta gari lake katika orodha ya Kimarekani halioni, na akilazimisha ataagiza vifaa vya gari jingine.

Nitajuaje seti ipi inaingia kwenye gari langu?

Jina "Impreza" peke yake halimsaidii muuzaji. Fungua boneti, soma kibati cha namba kilichomo kwenye chumba cha injini, na uandike kodi ya modeli nzima bila kuacha herufi hata moja.

GC8 ni sedani ya kizazi cha kwanza, kilichoanza 1992. Kizazi cha pili kilianza 2000 na kuisha 2007: GDA ni WRX na GDB ni STI, na wagoni zake huanza na GG. Katika vizazi hivi viwili, mbele na nyuma zote ni za mtindo wa strati, yaani shokapu na springi vimeunganishwa na ndivyo vinavyoshika gurudumu lisimame wima. Katika vizazi vilivyofuata, kuanzia GR ya 2007, kisha GV na VA, mbele imebaki strati lakini nyuma imegeuka kuwa ya mikono miwili, ambako shokapu hutuliza mtikisiko tu wala haishiki pembe ya gurudumu. Hivyo seti ya GDB haiwezi kuingia nyuma ya GRB, na hata tarakimu za ugumu wa springi za nyuma haziwezi kulinganishwa baina ya magari hayo mawili, kwa kuwa mkono hubadilisha nguvu inayoifikia springi.

Kwa wenye GDB kuna mtego wa ziada. Herufi ya nne ya kodi ya modeli, kuanzia A hadi G, huonyesha toleo. Hadi toleo D rimu zilikuwa na bolti tano kwenye duara la milimita 100. Kuanzia toleo E zikawa kwenye duara la milimita 114.3, na habu zikabadilika pamoja nazo. Watengenezaji wengi wa koilova huziorodhesha STI hizo mbili kando. Mpelekee muuzaji picha ya kibati na umwombe athibitishe kwa maandishi kabla ya malipo. Ikiwa gari lilinunuliwa kwa mtu ambaye tayari alibadilisha habu, na jambo hilo ni la kawaida, hesabu bolti na upime duara mwenyewe, maana kibati kitakuambia gari lilivyozaliwa tu.

Springi fupi peke yake hazitoshi?

Hushusha gari kwa bei ndogo, na hapo ndipo faida yake inapoishia. Ukishusha milimita 30 kwa springi fupi juu ya shokapu za kiwandani, umeipunguzia shokapu milimita hizohizo 30 za nafasi ya kubonyea, na barabara haijapunguza mashimo yake. Shokapu itagonga stopa (raba inayozuia mwisho wa mwendo wake) mara kwa mara na kufa mapema. Kwa gari la lami nzuri tupu, springi zilizotengenezwa na kampuni inayoeleweka zinavumilika. Kukata springi za kiwandani kwa mashine ni jambo ambalo halifai kuzungumzwa kama chaguo.

Koilova zinazorekebishika kwa chini zina tofauti gani na zile za sahani ya springi?

Katika aina ya zamani unazungusha sahani inayobeba springi. Gari hupanda au kushuka, na mgawanyo wa mwendo wa shokapu hubadilika pamoja nalo: ukishusha unapata nafasi ndogo ya kubonyea na kubwa ya kunyooka. Katika aina ya pili, sehemu ya chini yenye breketi huzunguka yenyewe, hivyo urefu wa shokapu nzima hubadilika huku mwendo wake ukibaki uleule. Kwa barabara zetu aina ya pili ni bora zaidi, ingawa ina nyuzi nyingi zaidi zinazokaa wazi kwenye matope.

Kuna dhana iliyoenea kwamba ukiibana springi kwa kuzungusha sahani unaifanya kuwa ngumu. Springi iliyonyooka, ambayo ugumu wake ni mmoja kutoka juu hadi chini, haibadiliki ugumu kwa kubanwa. Kinachobadilika ni kimo. Anayetaka springi ngumu zaidi hana budi kununua nyingine.

Tangazo linasema springi ni "6K". Maana yake nini, na je, mimi nichague ngapi?

Wajapani hupima ugumu wa springi kwa kilo kwa milimita. Springi ya 6K huhitaji mzigo wa kilo 6 ili ibonyee milimita moja. Wazungu wa Ulaya hutumia niutoni kwa milimita, Wamarekani pauni kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni sawa na niutoni 9.8 au pauni 56. Kwa hiyo 6K ya Japani itaandikwa takriban 59 katika katalogi ya Kijerumani na 336 katika ya Kimarekani. Ukipata tarakimu bila kipimo chake, uliza.

Springi za kiwandani za WRX na STI za kizazi cha pili ziko karibu na kilo 3 hadi 4. Seti nyingi za barabarani zinazouzwa Japani ziko kati ya 5 na 7, na kuanzia 8 kwenda juu tunaingia kwenye gari la kiwanja cha mbio. Maoni yetu ni kwamba gari linaloendeshwa kila siku Nairobi au Dar es Salaam lisivuke 5 au 6 mbele. Mhandisi wa Japani alipochagua 7 alikuwa akifikiria lami ya Japani. Matairi ya ubavu mfupi, ambao ni asilimia 45 au 40 ya upana wa tairi, yanaongeza adhabu hiyo, kwa sababu tairi nalo ni springi, na ukilikondesha kila kitu kinahamia kwenye mwili wa gari na kwenye mgongo wa dereva.

Nishushe gari kwa kiasi gani?

Swali hili hufika kwetu likiwa na jibu ndani yake, kwamba muulizaji ameshaona picha ya gari lililokaa chini na anataka lake lifanane nalo. Tunaomba asubiri kidogo.

Impreza ya kiwandani huacha takriban sentimita 15 kati ya tumbo na ardhi, na matuta yetu hayajengwi kwa kipimo kimoja. Hata hivyo matuta siyo sababu kubwa zaidi. Katika strati ya mbele, mkono wa chini umekaa karibu na mlalo gari likiwa katika kimo chake cha kawaida. Gari likishushwa sana, ncha ya nje ya mkono huo hupanda juu kuliko ya ndani. Kitovu ambacho mwili wa gari hulalia kwenye kona hushuka upesi kuliko uzito wenyewe unavyoshuka, na matokeo yake gari linataka kulala zaidi kwenye kona, si pungufu, hata likawa linahitaji springi ngumu zaidi ili kufidia kosa la kimo. Fimbo za usukani nazo hubaki katika pembe isiyolingana na mkono, na usukani huanza kuvuta wenyewe kila gurudumu linapogonga mwinuko. Jointi za ekseli huzunguka kwa pembe isiyo yake, na buti zake, yaani vifuniko vyake vya raba, hupasuka.

Shusha milimita 15 hadi 25 kutoka kimo cha kiwandani, uishie hapo. Ukitaka kwenda chini zaidi ya hapo bila kuharibu tabia ya gari, utahitaji boljointi ndefu za kurekebisha pembe ya mkono, na gharama inaongezeka.

Wanaopenda kutaja Safari Rally katika mjadala huu wakumbuke jinsi Impreza zilizoshinda huku zilivyokuwa. Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000 waliendesha magari yaliyoinuliwa, yenye shokapu za mwendo mrefu. Baadhi ya wamiliki wa GD hapa kwetu wamefuata njia ya namna hiyo kwa unyenyekevu zaidi: wamefunga strati za Forester SG, ambazo zinaingia kwenye vishikio vilevile na kuliinua gari. Si mtindo wa picha, lakini kwa mtu anayeishi mwisho wa barabara ya murramu ni uamuzi wa busara.

Shokapu za tyubu moja ni bora kuliko za tyubu mbili?

Kwenye lami na kwenye joto la mbio, ndiyo. Shokapu ya tyubu moja ina pistoni kubwa inayotembea moja kwa moja ndani ya ganda la nje, mafuta yametenganishwa na gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa, na joto hutoka upesi kwa kuwa hakuna ukuta wa pili. Ndiyo maana kampuni kama Bilstein na Öhlins zimejenga sifa zao juu yake.

Faida hiyohiyo ndiyo udhaifu wake kwenye changarawe. Kwa kuwa ganda la nje ndilo silinda yenyewe, jiwe moja likilibonyeza, pistoni inakwama au inachubuka na shokapu imekwisha. Shokapu ya tyubu mbili ikipigwa jiwe hilohilo, tyubu ya nje hubonyea na ya ndani huendelea na kazi. Njia ya tatu ni tyubu moja iliyopinduliwa, ambayo silinda yake imefichwa ndani ya ganda jingine nene linalobeba pia nguvu za kona. STI za GDB zilitoka kiwandani na strati za namna hii. Zina uzito zaidi, na zinahitaji grisi ndani ya ganda mara kwa mara la sivyo huanza kugonga.

Mtu wa Nairobi ambaye wikendi huenda kijijini kwa njia ya vumbi tungemshauri tyubu mbili, au tyubu moja iliyopinduliwa ikiwa mfuko unaruhusu. Tyubu moja iliyo wazi tungemwachia asiyeiacha lami.

Seti ya mtumba kutoka Japani ni hatari?

Inategemea jinsi unavyosoma tangazo. Soko ni kubwa: mnada wa Yahoo! wa Japani na maduka ya mnyororo wa Up Garage huwa na koilova za Subaru wakati wote, na kampuni za uwakala kama Buyee na ZenMarket hununua kwa niaba ya mteja aliye nje. Wauzaji wa Kijapani kwa kawaida hutaja kasoro waziwazi, isipokuwa programu za tafsiri huzivuruga, kwa hiyo jifunze maneno machache. Shakōchō ndilo jina la koilova zenyewe. Ukiona "nuke", shokapu imeishiwa nguvu ya kukinza. "Oiru more" ni kuvuja kwa mafuta. "Kochaku" ni nyuzi zilizoshikana kwa kutu hata hazizunguki, na "ion" ni kelele isiyo ya kawaida. Tangazo lenye neno "janku" linauza chakavu bila ahadi yoyote, hata picha zikiwa za kuvutia. Herufi OH zinadokeza kwamba seti imefunguliwa na kukarabatiwa. Omba tarehe na jina la karakana.

Omba picha ya nondo ya pistoni ikiwa imeinuliwa stopa, picha ya nyuzi karibu na nati za kufungia, na picha ya lebo yenye namba ya modeli. Chunguza pia mkoa ambako bidhaa iko. Seti iliyotumika Hokkaido au Niigata imepita kwenye chumvi ya kuyeyusha theluji, na kutu yake haifanani na ya seti iliyotoka Kyushu.

Hesabu gharama ya ukarabati tangu mwanzo, kana kwamba itahitajika. Seti ya mtumba ikibaki nafuu hata baada ya hapo, inunue.

Je, nitauziwa bandia?

Koilova za bandia ni chache kuliko shokapu za kawaida za bandia, ambazo ndizo zinazozagaa. Bidhaa yenye jina la Kijapani kwa bei ya theluthi moja, inayotoka katika nchi ambako kampuni hiyo haina mwakilishi, ichukuliwe kuwa bandia hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Nunua kwa msambazaji aliyetajwa na kampuni yenyewe, ulinganishe namba ya bidhaa na katalogi, na usichanganye suala hili na mahali pa kutengenezwa: BC Racing ni ya Taiwan na haifichi, na bidhaa zake zina vipuri vya kurekebishia vinavyopatikana.

Itanigharimu kiasi gani hadi ifike mkononi?

Ushuru hutozwa juu ya bei ya bidhaa, usafiri na bima vikijumlishwa, na si juu ya bei ya dukani peke yake. Sasipensheni na shokapu za magari zimo katika namba 8708.80 ya orodha ya forodha, na ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35. Mwambie wakala wako wa forodha akuonyeshe kiwango kinachotumika siku hiyo kwa namba hiyo, kwa sababu viwango hurekebishwa kila bajeti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Seti ni shilingi za Kenya 150,000, usafiri 45,000 na bima 3,000, jumla 198,000. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba ushuru ni asilimia 25. Hiyo ni 49,500. VAT ya Kenya ya asilimia 16 hutozwa juu ya 247,500, nayo ni 39,600. Tayari umefika 287,100, na bado hujalipa ada ya tamko la uagizaji, tozo ya maendeleo ya reli na ujira wa wakala. Tanzania VAT ni asilimia 18, na tozo ya reli ipo pia. Bei ya dukani imekaribia kuzidishwa mara mbili kabla fundi hajashika spana, na hiyo ndiyo tarakimu ya kulinganisha na seti unayoweza kuipata hapa kwa muuzaji aliyekwisha kuilipia kila kitu.

Usikubali muuzaji akuandikie ankara ya bei ya chini "kukusaidia". Forodha wana bei zao za kulinganishia, na mzigo ukipotea bima italipa kile tu kilichoandikwa.

Nisafirishe kwa njia gani?

Seti nzima ya koilova nne huwa na uzito wa kilo 20 hadi 30 hivi. EMS, huduma ya vifurushi vya haraka ya posta ya Japani, hupokea vifurushi visivyozidi kilo 30, kwa hiyo mara nyingi seti hugawanywa katika maboksi mawili. Kwa ndege, shokapu zenye gesi huingia katika kundi la vitu vyenye shinikizo, UN 3164, na ingawa shokapu za magari kwa kawaida husamehewa masharti makali, msafirishaji anaweza kudai karatasi ya mtengenezaji. Shokapu ya mtumba inayovuja mafuta inaweza kukataliwa uwanjani.

Njia nafuu ni kontena la kuchangia, ambamo msafirishaji hukusanya mizigo ya watu wengi. Hilo huchukua mwezi mmoja hadi miwili au zaidi, na faida yake nyingine ni kwamba masuala ya ukaguzi wa ubora kwa kawaida hushughulikiwa na msafirishaji huyo. Hata hivyo muulize, maana Kenya inataka cheti cha ulinganifu kwa bidhaa nyingi zinazoingia.

Naagiza gari lingine Japani. Nikiziweka kwenye buti je?

Tunashauri usifanye hivyo. Meli za kubebea magari kwa kawaida hazikubali mizigo ndani ya gari, vitu visivyotangazwa ni kosa la forodha, na buti la gari lililosimama bandarini halina mlinzi wa kwako.

Fundi wangu wa kawaida anaweza kuzifunga?

Akiwa mtu wa utaratibu, ndiyo. Hakuna siri katika kazi yenyewe, isipokuwa pale ambapo haraka huleta hasara, na pale ni pengi.

Kabla ya kuinua gari, pima umbali kutoka katikati ya kila habu hadi ukingo wa fenda juu yake, uandike. Bila vipimo hivyo, mjadala wa kimo baadaye utakuwa wa kubahatisha. Kisha weka alama kwenye bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika strati ya mbele kwa chini. Kwenye Subaru bolti hiyo ina kichwa cha mhimili uliohama, nayo ndiyo inayopanga mwinamo wa gurudumu. Ondoa kwanza breketi ya hosi ya breki na waya wa kihisio cha ABS. Tumeona hosi zilizobaki zikining'iniza uzito wa habu nzima wakati fundi amekwenda kunywa chai. Hosi ya namna hiyo ibadilishwe, hata kama haivuji.

Koilova nyingi huja zikiwa zimeshaunganishwa. Ikiwa zako hutumia raba za juu za kiwandani, springi za zamani zitapaswa kubanwa ili zifunguliwe. Springi iliyobanwa vibaya huua. Tumia vibanio vizima vya jozi, vilivyopangwa pande mbili zinazotazamana, na asisimame mtu mbele ya ncha zake.

Nondo ya pistoni haishikwi kwa koleo hata kidogo, kwa sababu mkwaruzo mmoja hukata sili kila inapopita. Nati yake ya juu haikazwi kwa bunduki ya upepo. Nati tatu za juu zinazoshika strati kwenye mwili wa gari hukazwa kwa takriban niutonimita 20 tu, na mafundi wengi huzikaza hadi bolti zake zikakatika. Zile bolti mbili kubwa za chini huvuka 150. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kudai spana ya torki, pamoja na mwongozo wa gari lako husika wenye tarakimu kamili. Ukilegeza mikono ya nyuma, ikaze mwishoni gari likiwa limekaa kwa uzito wake kwenye magurudumu. Busha iliyokazwa gari likiwa hewani hubaki imesokotwa na hupasuka ndani ya miezi michache.

Nini kifanyike baada ya kufunga?

Alaimenti, siku hiyohiyo. Kimo kikibadilika, mwinamo na uelekeo wa magurudumu hubadilika, na tairi jipya linaweza kuliwa upande wa ndani kabla hujagundua. Kwa matumizi ya barabarani, mwinamo wa mbele wa digrii 1 hadi 1.5 kuelekea ndani, magurudumu yakitazama mbele sawasawa, hutosha. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 springi zikishakaa, pima kimo tena, kaza upya nati za kufungia, na urudie alaimenti. Ikiwa gari lina taa za zenoni zinazojirekebisha, hakikisha kihisio cha kimo cha nyuma hakijapinda, la sivyo utawapofusha wanaokuja.

Kuhusu ukinzani: zungusha kitufe taratibu upande wa kulia hadi kisimame bila kulazimisha, hapo ndipo pa ugumu wa juu, kisha rudi nyuma ukihesabu mibofyo hadi katikati. Endesha wiki nzima kabla ya kugusa tena, na ubadilishe mibofyo miwili mitatu kwa wakati mmoja, mbele au nyuma, usichanganye. Watu wengi hukaza mno. Gari likiruka kwenye matuta madogo badala ya kuyafuata, legeza.

Zimeanza kugonga. Zimekufa?

Huenda hazijafa. Anza na stabilaiza linki, kwa sababu gari lililoshushwa huziweka katika pembe mbaya na bei yake ni ndogo. Kisha nati za kufungia sahani, halafu nati ya juu ya nondo. Seti zenye jointi ya chuma juu badala ya raba zitapitisha kelele hata zikiwa mpya, na vumbi letu huzila. Kwa gari la kila siku chagua raba. Mafuta yanayotiririka kwenye nondo, au kona moja inayoyumbayumba baada ya tuta, ndizo dalili za shokapu iliyokwisha.

Bima na ukaguzi wa gari?

Mjulishe wakala wako wa bima kwa maandishi na uhifadhi jibu. Mkataba wa bima unamtaka mteja aseme kila jambo la msingi kuhusu gari, na mabadiliko ya sasipensheni ni la msingi. Kwa ukaguzi, gari ambalo tairi linagusa fenda usukani ukikatwa mwisho halina utetezi.

Zinatunzwaje, na nani anazikarabati?

Osha nyuzi kwa maji na brashi laini kila unapoosha gari, hasa baada ya matope, na zungusha nati kila baada ya miezi michache ili zisishikane. Mombasa, Tanga na Zanzibar, ambako hewa yenyewe ina chumvi, usiache miezi ipite. Mifuko ya kitambaa ya kufunika nyuzi husaidia ikifuliwa; ikiachwa na tope ndani huozesha kuliko kama isingekuwapo.

Karakana zinazohudumia magari ya rali ndizo zenye uzoefu wa kufungua shokapu na kujaza naitrojeni, na kabla ya kuagiza ni vyema uulize ni aina gani wanazoweza kuzikarabati na sili zipi wanazo. Baadhi ya seti, kama mfululizo wa Z wa Tein, zimefungwa moja kwa moja na hazifunguliwi. Falsafa yake ni kununua shokapu moja mpya badala ya iliyokufa na kuacha tatu zilizobaki. Mpango huo ni mzuri Yokohama. Hapa shokapu hiyo moja italipa usafiri na ushuru peke yake, kwa hiyo ukichagua njia hiyo agiza shokapu moja ya mbele na moja ya nyuma za akiba katika mzigo uleule, pamoja na stopa na vifuniko vya vumbi.

Nifanye nini na sasipensheni ya zamani?

Ikiwa bado nzima, ihifadhi ikiwa imesimama wima, mahali pakavu, na kila kipande kikiwa na karatasi inayosema kilitoka kona gani. Mnunuzi wa gari lako siku moja anaweza kuitaka, na siku koilova zitakapokwenda kukarabatiwa kwa wiki kadhaa gari litaihitaji ili litembee.